Tupeane uzoefu: mtoto anajua kutoa na kujumlisha, fumbo la hesabu linamshinda, nyie mnamsaidiaje?

Chaki ya Ngamiani

Habari za jioni wadau. Mie mwalimu wa hisabati darasa la sita hapa Tanga mjini, mwaka wa tisa huu. Juzi niliandika ubaoni: Juma ana machungwa 45. Ana machungwa 12 zaidi ya Asha. Asha ana machungwa mangapi? Karibu darasa zima wakaniletea 57. Nikamwita mezani binti mmoja ambaye huwa hakosi tatu bora, nikamwambia hebu nisomee kwa sauti. Kasoma vizuri kabisa hakukwama hata neno, nikamuuliza haya nani ana mengi? Kimya. Kisha akasema "Asha, si imeandikwa zaidi ya Asha". Nikampa karatasi nikamwambia chora. Akachora tenga la Juma, akachora tenga la Asha, akaenda kuongeza machungwa kwa Asha akasimama, akalirudia swali midomo ikicheza bila sauti, halafu mwenyewe akafuta ile 57 na kuandika 33. Sasa hapo mie sikumfundisha kutoa, kutoa anajua toka la pili.

Kilichoniuma ni kwamba nilikumbuka ni mie mwenyewe niliyewakaririsha ukiona "zaidi" jumlisha, ukiona "baki" toa. Yani niliwafundisha kuvizia neno, sentensi nikawaachia.

Toka hapo fumbo tunalisoma mara tatu. Ya kwanza namba nimezifuta, wananiambia kisa tu, nani kafanya nini. Ya pili wananiambia kinachotafutwa ni nini, kwa maneno yao sio ya kitabu. Ya tatu ndo narudisha namba, na kalamu zote ziko chini mpaka hapo. Wanalalamika hao! Haya nyie wenzangu mnafanyaje?

Mama Wawili

Mwalimu mie mzazi tu lakini hili limenikuta. Mwanangu alipewa shamba lina urefu mita 60, upana mita 40, tafuta eneo la shamba. Kaandika "Pongwe". Ndiko kwenye shamba la babu yake. Kapigwa kosa jekundu hilo nikacheka mpaka machozi, baadae nikakaa nikawaza, kwani kakosea nini? Nyumbani neno eneo tunalitumia hivyo hivyo, eneo gani, eneo la Pongwe. Hakuna aliyemwambia kwenye hesabu lina maana nyingine. Sasa hivi kila akirudi na daftari namuuliza maneno kwanza, hesabu baadae. Wiki ilopita lilikuwa "riba", akanijibu "mama maalim kasema riba ni haramu", nikamwambia sawa baba, haramu hiyo hiyo ndo unaambiwa uitafute ni shilingi ngapi.

Kidato cha Kwanza

Mama Wawili njoo huku sekondari ulie kabisa. Mtoto kamaliza la saba kasoma hesabu zote kwa Kiswahili, anafika kwetu kila kitu Kiingereza. Nilitoa swali basi limetoka Tanga "6:00 a.m." limefika Dar "at noon", umbali kilomita 350, tafuta mwendokasi wa wastani. Kijana kapiga mstari, kaandika kuondoka saa sita, kufika saa sita, muda uliotumika 0. Akabaki anaiangalia 350 gawanya kwa 0. Wala hakuwa mvivu jamani, hiyo 6 kaisoma kama ilivyo na noon kaitafsiri sawasawa kabisa, saa sita mchana! Ni saa zetu na saa zao zimegongana.

Na "product", yani jibu la kuzidisha, je? Wapo walioniandikia sabuni na unga wa sembe. "Difference", yani jibu la kutoa, kuna mmoja aliniambia moja ni kubwa nyingine ndogo. Ni kweli pia.

Kwa hiyo kila mtoto ana daftari dogo la maneno, ukurasa mmoja anaukata vyumba vinne na neno lenyewe katikati. Chumba kimoja maana ya darasani kwa maneno yake, cha pili mchoro au sifa zake, cha tatu mfano, cha nne kitu kinachofanana nalo lakini sicho. Hicho cha nne ndo dawa, akiweza kuniambia kwa nini 9 sio namba tasa basi namba tasa kaielewa. Kiswahili ruksa humo ndani, mkaguzi akija tutajuana.

Mbavu za Mbwa

Samahani wakuu naona mnaongea mambo ya darasa la watoto 20. Mie ninao 104, madawati yanakaa wanne wanne, kipindi dakika 40, wa la saba wana mtihani wa taifa mbele yao. Nisome fumbo moja mara tatu nimalize mada lini? Na wengine hata kusoma kwenyewe bado, unamwambia asome kisa wakati herufi zinamsumbua?

Chaki ya Ngamiani

Mbavu za Mbwa sikubishii, wangu 78. Nilipunguza maswali, nilikuwa natoa 15 sasa natoa 4. Na nawapanga wawili wawili, mmoja anasoma mwenzie anamuuliza "kwa hiyo tunatafuta nini?", wanabadilishana. Kelele zipo, mwalimu mkuu kashanichungulia dirishani mara mbili. Wale wa herufi kweli wanabaki nyuma, hao nawakalisha na msomaji mzuri, lakini siwezi kusema nimewamaliza.

Nahodha

Kwa wingi huo usimsikilize kila mmoja, wasikilize waliokosa tu. Kuna mwalimu wa Australia, Anne Newman, miaka ya 1970 alikuwa anamrudisha mtoto kwenye swali alilokosa kwa maombi matano: nisomee, unaulizwa nini, utafanyaje, nioneshe ukifanya, sasa niandikie jibu. Anapokwama ndipo ugonjwa ulipo. Mie nilikuwa nawapa wote dawa moja, mazoezi zaidi ya kujumlisha, kumbe wengi walikwama kwenye namba mbili na tatu ambapo hesabu yenyewe haijaanza.

Nyingine ya Ufaransa hiyo, watoto waliulizwa merikebu ina kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani, wengi wakajibu 36. Nikasema huu uongo. Nikawatega wangu: dau limetoka Sahare linakwenda Pemba, limepakia mbuzi 26 na magunia 10 ya mkaa, nahodha ana miaka mingapi? 36, 36, 36, mmoja kazidisha kapata 260! Nikawaambia kalamu chini, fumbeni macho mnisimulie hicho chombo kilivyo. Nyuma kabisa kuna kijana baba yake mvuvi, kanyoosha mkono: "Mwalimu umri wake hukutwambia, ila kwa mzigo huo dau lishazama."

Mbavu za Mbwa

Hahaha Nahodha umeniua. Haya kesho kipindi cha kwanza nawapa la dau. Wakinipa 36 wote 104 nitarudi hapa kulia.