Gari limekula kilometa, niweke oili gani?

Rehema: Shikamooni wakubwa wote. Jamani kesho nampelekea fundi gari amwage oili. La petroli, la mwaka 2009, limeshapiga kilometa 214,000. Miaka yote naweka 5W-30, sasa fundi anasema limezeeka, nihamie 20W-50. Mnasemaje?

Idi: Marahaba mdogo wangu. Fundi kakwambia kweli. Injini kuukuu inataka oili nzito, basi. Mimi naweka nzito siku zote na gari linadunda.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu Rehema. Idi, hilo linalodunda ndilo lile likiwashwa majirani wanafunga madirisha?

Idi: 😂😂 Shangazi, ule moshi wa dizeli

Neema: Kaka, moshi wa dizeli ni mweusi. Wako bluu.

Idi: Neema nyamaza, wewe gari lako bado lina harufu ya duka

Mjomba Athumani: Marahaba Rehema. Mwiteni fundi mmoja mtapata jibu, mkiita watatu mtapata ugomvi. Kabla ya kutaja namba yoyote nijibu haya. Linakula oili kiasi gani? Linatoa moshi? Wakati gani? Linavuja? Likishapata moto ukasimama kwenye foleni, taa ya oili inamemeta?

Rehema: Taa haijawahi kuwaka hata siku moja mjomba. Kula sijui, huwa sipimi. Namwaga tu muda ukifika.

Mjomba Athumani: Sasa unabadili dawa na hujapima homa. Kilometa peke yake si ugonjwa. Kuna injini ina laki tatu haipunguzi hata kidole kati ya kumwaga na kumwaga, na kuna nyingine ina elfu themanini inalamba lita nzima. Nenda kapime sasa hivi. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa walau dakika kumi. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena. Usomaji wa kwanza usiuamini.

Rehema: Nakwenda

Baba Mdogo Kassim: Mimi gari langu la mwaka 1974 halijui kitu kingine zaidi ya 20W-50, na linawaka mara moja.

Mjomba Athumani: Kassim lako ndivyo lilivyoandikiwa kiwandani, kaka. Injini ile ina nafasi pana kati ya vyuma. Usimpotoshe mtoto.

Rehema: [picha]
Mjomba, oili iko chini kidogo ya alama ya chini. Mara ya mwisho kumwaga ni kilometa 7,000 zilizopita. Ila mbona taa haijawaka?

Mjomba Athumani: Hapo wengi ndipo wanapoingia mkenge. Ile taa nyekundu yenye birika, kwenye magari mengi inaangalia presha, haiangalii kiasi. Mpaka iwake ujue pampu imeshaanza kunyonya hewa, na hapo unazima injini hapo hapo, huendi nayo hata gereji ya jirani. Kuna magari yana taa nyingine ya kiasi, ila usiishi kwa kuitegemea.

Mjomba Athumani: Tuhesabu. Kwa magari mengi, kutoka alama ya juu hadi ya chini ni kama lita moja. Kwa hiyo limekula lita moja na ushei kwa kilometa 7,000, kama siku ile fundi alijaza mpaka juu. Hiyo si balaa. Kuna watengenezaji wanakwambia hata lita moja kwa kilometa 1,000 bado inavumilika, mimi siwaungi mkono lakini ndivyo wanavyoandika. Lako linakula kistaarabu.

Shangazi Zuhura: Kula kistaarabu 😂

Mjomba Athumani: Sasa moshi. Asubuhi ukiwasha baada ya kulala, huoni kimoshi cha bluu kidogo halafu kinakata?

Rehema: Eeh! Kinatoka mara moja tu, kama sekunde chache, halafu hakuna tena siku nzima. Nilidhani ni baridi ya asubuhi.

Mjomba Athumani: Mvuke wa asubuhi ni mweupe na haunuki kuungua. Hizo ni sili za valvu, vile vipira vinavyozuia oili isipenye. Mpira umekaa kwenye joto miaka, umekauka na kuwa mgumu, usiku oili inatiririka pole pole kwenye shina la valvu inadondoka ndani, asubuhi inaungua ya kwanza. Ingekuwa ringi za pistoni ungeona moshi unapokanyaga mafuta kupanda mlima. Moshi ukitoka unapoachia mafuta kwenye mteremko halafu ukakanyaga tena, ni valvu hizo hizo, sili zake au gaidi, kile kibomba kinachoongoza shina la valvu.

Idi: Sasa si ndiyo maana nasema nzito? Nzito haipenyi.

Mjomba Athumani: Idi, ngoja nikueleze vizuri maana hata wewe unaumia. Namba ya kabla ya W inasema oili inavyotembea ikiwa ya baridi, ndogo inawahi zaidi. Namba ya mwisho ni uzito wake injini ikipata moto, wanapima kwenye nyuzi 100. Daraja la 30 liko kati ya sentistoki (kipimo cha uzito huo) 9.3 na 12.5. La 40 kuanzia 12.5 hadi 16.3. La 50 linaanzia 16.3 kwenda juu. Kutoka 5W-30 kwenda 20W-50 umeruka daraja zima bila kulikanyaga, tena umeharibu na upande wa baridi, kutoka 5 hadi 20.

Mjomba Athumani: Gari la Rehema lina mfumo wa kubadili muda wa valvu, na unaendeshwa kwa presha ya oili hiyo hiyo, inapita kwenye vitundu na kichujio kidogo kuliko kucha. Ukiwasha asubuhi oili yote iko chini kwenye sampu, lile karai la oili. Nyepesi inafika juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu, haraka. Nzito inajivuta, wakati huo chuma kinasuguana na chuma, na ikiwa nzito sana presha inafungua njia ya pembeni ya filta, inapita bila kuchujwa. Ukisikia gari linagonga gonga juu sekunde za kwanza kisha linatulia, mara nyingi ni hiyo.

Neema: Kwa hiyo asihame kabisa?

Mjomba Athumani: Akae kwenye 5W-30 ila achukue ile ya magari ya kilometa nyingi. Dumu limeandikwa hivyo hivyo, nyingi zinasema kuanzia kilometa 120,000. Tofauti yake na ya kawaida: wameongeza kitu cha kulainisha mpira wa sili, unavimba kidogo na kushika tena, halafu sabuni ya kusafisha na dawa ya kuzuia kusagika vimezidishwa. Na zile za 30 mara nyingi wanaziweka upande wa juu wa daraja lake, kwa hiyo uzito kidogo unaupata bila kutoka kwenye kitabu.

Rehema: Na moshi utakata?

Mjomba Athumani: Utapungua kama mpira umekauka tu. Kama umechanika hakuna oili itakayoushona. Na si jambo la siku mbili, utembee kilometa elfu kadhaa ndipo uhukumu. Hali ikibaki vile vile unapanda ngazi moja, 5W-40 au 10W-40, kama kitabu kinaruhusu.

Shangazi Zuhura: Athumani mimi niliambiwa ile ya sinthetiki inatoboa sili, magari makuukuu yasiguse.

Mjomba Athumani: Dada, hilo lilikuwa na chembe ya ukweli enzi za sinthetiki za mwanzo, zilikuwa zinasinyaza mpira. Za sasa zimewekewa cha kuzuia hilo. Kinachotokea ni kwamba injini iliyojaa matope, yale matope ndiyo yaliyoziba tundu. Oili safi ikiyasafisha, tundu linaonekana, na aliyesafisha analaumiwa.

Shangazi Zuhura: Kama mpangaji anayepaka rangi, ufa wa mwenye nyumba ukasemwa kauleta yeye.

Mjomba Athumani: Umemaliza 😂 Kwa hiyo ukitaka sinthetiki weka, ukitaka nusu kwa nusu weka. Ila Rehema, fundi akikwambia akusafishie injini kwa ile dawa ya kumwaga kabla ya oili mpya, kataa. Matope yakibanduka yote kwa mpigo yanakwenda kuziba wavu wa pampu. Yaache yayeyuke pole pole.

Idi: Na zile chupa za kuongezea? Mimi nilitia moja mlio ukapotea kabisa.

Mjomba Athumani: Mlio ulifichwa, haukupona. Nyingi ni unene tu wa kuongeza kwenye oili. Oili ilishapimwa kiwandani kila kitu kwa kipimo chake, wewe unakuja kumimina kitu juu.

Baba Mdogo Kassim: Ndiyo mchezo wa wauza magari huo. Anamimina zito, unalijaribu liko kimya, unalipa, baada ya kumwaga oili ya kwanza injini inaanza kukuimbia. Ukinunua gari lililotumika chomoa kijiti kwanza. Ukiona oili inashuka kama asali, ondoka.

Idi: Haya, na mimi nimetoka kupima
[picha]
Hii imekauka au mwanga tu?

Mjomba Athumani: Idi. Hiyo haina kitu hata kwenye ncha. Usiwashe. Ongeza nusu lita, subiri ishuke, pima, ongeza tena. Usimimine kwa hasira, ikizidi alama ya juu krenki inaipiga inakuwa povu, na povu halibebi beringi. Na usichukue dumu la Rehema. Lako dizeli, tafuta iliyoandikwa herufi C kwenye alama ya API, ile ya kiwango cha ubora wa oili, kama CI-4 au CK-4. Za petroli zinaanza na S. Kuna dumu zina zote mbili, soma.

Shangazi Zuhura: Linadunda 😌

Idi: Shangazi jamani

Rehema: Mjomba, kwa petroli naangalia S gani? Kitabu changu kinasema SM.

Mjomba Athumani: Herufi inavyosogea mbele ndivyo ilivyo mpya. SM ni ya 2004, SN 2010, SP 2020. Ya mbele inafunika za nyuma, kwa hiyo SP ni halali yako. Kassim peke yake ndiye aangalie. Injini yake kamu, zile nundu za kamshafti, inasugua moja kwa moja kwenye tapeti bapa, kile kipande inachosukuma kufungua valvu, inataka zinki na fosforasi nyingi, na kwenye hizi mpya za 30 kushuka chini fosforasi imebanwa isizidi asilimia 0.08 ili isiue katalisti ya ekzosi, ile inayosafisha moshi. Yeye hana katalisti, atafute za magari ya kale.

Baba Mdogo Kassim: Ninazo. Siku hizi wananiheshimu.

Neema: Langu la 0W-20 lina kilometa 150,000. Halili, halitoi moshi, halivuji. Nipandishe?

Mjomba Athumani: Kwa kosa gani lilifanya? Liache.

Mjomba Athumani: Rehema jambo la mwisho nisisahau, na pengine ndilo la kwanza. Mwambie fundi aangalie valvu ya PCV, ile inayotoa pumzi ya injini kuirudisha kwenye manifoldi. Ni kadude kadogo. Kakiziba, presha inajaa tumboni mwa injini na kusukuma oili kwenye kila sili. Watu wamefungua injini nzima kwa ajili ya hako kadude. Na leo ongeza nusu lita kabla hujatoka.

Rehema: Nina dumu la 10W-40 ya kampuni nyingine, inafaa?

Mjomba Athumani: Kwa kuongezea inafaa, zinachanganyika. Kesho si unaimwaga?

*Kesho yake*

Rehema: Mjomba niko gereji. Ya 5W-30 ya kilometa nyingi hakuna. Iko 5W-30 ya kawaida, na 10W-40 ya kilometa nyingi. Fundi bado anaishikilia 20W-50 yake mkononi.

Mjomba Athumani: Kitabu unacho? Kuna ukurasa wenye mistari ya joto na madaraja ya oili pembeni. Nipigie picha.

Rehema: [picha]

Mjomba Athumani: 10W-40 imo, mstari wake unaishia nyuzi 20 chini ya sifuri. Huendi huko. Chukua hiyo, filta mpya, na osha mchirizi wa oili ya zamani chini ya injini ili kikivuja kitu tujue ni kipya.

Rehema: Na ile PCV kaitoa, anaitikisa.
Haina sauti. Anasema nzuri inatakiwa ichakarike

Mjomba Athumani: Imenata hiyo. Abadilishe. Mpe na heshima yake fundi, kaangalia.

Rehema: Sawa. Kasema pia oili ya zamani ilikuwa nyeusi tii, ni mbaya?

Mjomba Athumani: Nyeusi ni kazi, imebeba uchafu. Ingekuwa na rangi ya maziwa ya chai ndiyo ungenipigia simu badala ya kuandika hapa.

Idi: Mimi imeingia lita mbili na nusu 😶

Mjomba Athumani: Andika kilometa za leo kwenye karatasi, bandika juu ya kioo. Nanyi wote wawili mnipe namba za kijiti baada ya kilometa elfu.