Taa ya pikipiki inapiga mikorosho badala ya barabara, naomba ushauri

Mtoto wa Nanyamba

Wakuu, habari za jioni. Niko Nanyamba, Mtwara, na huu ni mwaka wa 6 napiga bodaboda. Pikipiki yangu ni ya 150, taa ya duara, balbu yake ya asili ni ile ya wati 35/35. Mwezi uliopita nilianguka mchangani, kishikio cha taa kikapinda, nikakinyoosha kwa mkono. Tangu hapo nikawa naona mwanga hautoshi. Nikaenda mjini nikanunua balbu ya LED kwa 12,000, nikaifunga mwenyewe.

Nikiwa peke yangu naona kiasi. Nikipakia abiria na mzigo, mwanga wote unapanda kwenye mikorosho na mbele ya tairi kunabaki giza. Juzi saa 2 usiku natoka Tandahimba na abiria na gunia la korosho, nikakutana na mzee wa baiskeli. Akaweka mkono usoni, akayumba, akaingia mchangani na baiskeli ikamlalia. Nilisimama, tukamnyanyua. Akaniambia, "Mwanangu, barabara sikuiona, nimeona jua." Hakuumia, lakini maneno yale hayanitoki.

Nimekuwa nikipiga dimu, ule mwanga wa chini, muda wote, sikuwa kwenye fulu, ule wa mbali. Fundi mmoja hapa anasema niiinamishe taa mpaka iguse tairi, basi. Nina spana, bisibisi na futi kamba. Nianzie wapi?

---

Fundi wa Mikindani

Pole mdogo wangu, na mpe pole yule mzee ukikutana naye.

Kabla hujashika bolti yoyote, toa hiyo LED. Kwenye balbu ya halojeni yenye nyuzi mbili, uzi wa dimu umewekewa kikombe kidogo cha chuma chini yake. Kikombe kile kinazuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya rifleta, yaani bakuli linalong'aa ndani ya taa, kwa sababu mwanga unaopiga nusu ya chini ndio unaorushwa juu, machoni mwa watu. LED nyingi za bei ndogo hazina kikombe, au chipu zake hazikai pale pale uzi ulipokuwa. Ukiifunga imezunguka kidogo tu ndiyo kabisa. Hapo unaweza kuinamisha taa mpaka kesho, mwanga utasambaa tu, kwa sababu rifleta yako ilichorwa kwa ajili ya uzi, siyo kwa ajili ya chipu.

Rudisha 35/35. Usishike kioo chake kwa vidole, tumia kitambaa safi. Mafuta ya vidole yanafanya kioo kipate joto sehemu moja na balbu inakufa mapema.

Halafu kagua ethi, ule waya unaofungwa kwenye bodi ya pikipiki. Huku kwetu chumvi ya bahari inakula viungo vya waya. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa halojeni unapungua kwa karibu asilimia 30. Watu wengi wananunua balbu kali kumbe ugonjwa ni kutu.

---

Kijana wa Chikongola

Mnamchelewesha. Weka H4 ya wati 60/55, ile balbu ya gari, inaingia kwa kukwangua kidogo. Mimi ninayo, usiku naona mpaka panya.

---

Fundi wa Mikindani

Kaka, wati 35 inavuta kama ampea 3, wati 60 inavuta 5. Waya, swichi na soketi havikupangwa kwa 5. Nimeshapokea taa tatu ambazo soketi imeyeyuka. Na pikipiki ambayo taa yake inakula moja kwa moja kutoka kwenye koili inayozalisha umeme kwenye injini, bila kupitia betri, ukiwa taratibu kwenye mchanga mwanga unafifia kuliko ule wa zamani. Kujua ni rahisi: zima injini, washa swichi. Taa isipowaka, inatoka kwenye koili.

---

Dereva wa Mingoyo

Naendesha fuso Lindi, Mingoyo, Masasi. Kijana wa Chikongola, sikukasirikii, ila nikueleze ninachokiona nikiwa juu huku. Pikipiki yenye taa inayopiga juu ikija, sioni ukingo wa lami, sioni mtembea kwa miguu, sioni hata wewe una upana gani. Ikishapita, macho yangu yanabaki na doa jeusi kwa sekunde kadhaa, na kwa mwendo wa 60 gari linakwenda mita 16 na zaidi kila sekunde. Hizo mita zote naendesha kwa kukumbuka barabara. Wewe unaona panya, mimi sikuoni wewe.

---

Mwalimu Newala

Nafundisha fizikia, na nina pikipiki. Naomba nimjibu muuliza swali kuhusu abiria, kwa sababu naona hapo ndipo penye kiini.

Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye pikipiki kama yako ni kama sentimita 130. Ukipakia abiria na gunia, springi za nyuma zikazama sentimita 4 zaidi, pikipiki nzima imeinuka pua kwa 4 kwa 130, yaani asilimia 3. Kwenye ukuta ulio mita 10 mbele, mwanga umepanda sentimita 30. Hujagusa bolti hata moja.

Kanuni za kimataifa za taa za pikipiki zinataka mwanga wa dimu ushuke kati ya nusu asilimia na asilimia 2 na nusu. Kwa mita 10 ni kati ya sentimita 5 na 25 chini ya kimo cha taa. Nafasi yako ni sentimita 20, na mzigo wako peke yake unahamisha 30. Ndiyo maana ushauri wa kuinamisha mpaka tairi haukusaidii: ukiwa na mzigo utakuwa sawa, ukiwa peke yako utamulika mita 20 tu. Kwa mwendo wa 50, kuona, kufikiri na kusimama kunakula kama mita 40, tena kwenye lami kavu. Mchanga wa kwetu unaujua.

Kwa hiyo unatakiwa kupunguza hiyo 30 kwanza. Zile shokapu za nyuma zina kola yenye hatua, inazungushwa kwa spana ya ndoano. Ukiwa peke yako iache chini, ukipakia ipandishe, zote mbili hatua sawa. Na upepo wa tairi la nyuma upime kabla, tairi legevu linaongeza kuzama.

Ukutani fanya hivi. Tafuta sakafu iliyo sawa na ukuta mrefu. Pima kimo cha taa kutoka chini mpaka katikati ya kioo, mtu akiwa amekaa na pikipiki imesimama wima, siyo kwenye stendi. Chora mstari wa chaki kwa kimo hicho ukutani, halafu rudi nyuma mita 10 kamili. Fanya jioni giza likianza kuingia, chaki bado inaonekana. Washa dimu, upime ukingo wa juu wa mwanga uko sentimita ngapi chini ya mstari.

---

Mama Rehema

Shikamooni. Mimi si fundi, mimi ni abiria wa kila siku. Naomba kuongeza: kioo kifutwe. Msimu wa vumbi taa inakuwa kama imevaa ushungi.

---

Mtoto wa Nanyamba

Marahaba mama, na asanteni wote. Nimerudi na majibu.

Jumamosi nilifanya kwenye uwanja wa saruji wa ghala la chama cha msingi, mlinzi alinikubalia. Balbu mpya 35/35. Ethi niliikuta kijani kabisa, nikapiga msasa. Injini ikiwaka, mwanga ulibadilika hapo hapo, nikajiuliza LED nilinunua ya nini.

Kimo cha taa ni sentimita 95. Kabla ya kurekebisha, na abiria, dimu ilikuwa sentimita 19 juu ya mstari. Juu! Nikalegeza bolti mbili za pembeni, nikakuta kishikio bado kimepinda upande wa kushoto, tukakinyoosha kwenye jiwe. Nikiwa peke yangu, kola hatua ya 2, mwanga uko sentimita 22 chini ya mstari. Nikimpakia mdogo wangu na gunia, kola hatua ya 4, uko sentimita 6 chini. Mwalimu, zote ziko ndani ya ile 5 mpaka 25.

Swali moja: nikiwa peke yangu ile 22 naona kama imekaribia sana. Niipandishe?

---

Mwalimu Newala

Usiipandishe, ukipakia utatoka nje ya ile 5 mpaka 25. Kwa kimo cha 95, asilimia 2.2 inagusa ardhi kwenye mita 43. Ukiwa peke yako usiku tembea 50 isizidi, barabara ikiwa wazi tumia fulu.

---

Fundi wa Mikindani

Kazi safi. Jambo moja limebaki: azima rangi ya kucha nyumbani, piga mstari mmoja mwembamba unaotoka kwenye kichwa cha bolti mpaka kwenye kishikio, pande zote mbili. Rasta za barabara ya Nanyamba zitailegeza siku moja. Asubuhi ukifuta kioo, tazama ule mstari. Ukikatika, rudi ukutani.