Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuacha methadoni ghafla

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu, miaka 29, alivuta unga (heroini) miaka sita hapa Dar. Mara mbili tulimfungia ndani aache. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikamtesa, anatapika, anaharisha, mifupa inauma, usiku kucha analia. Akitoka tu, kijiweni.

Sasa ana miezi minane kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, anakunywa kila asubuhi mbele ya muuguzi. Amenenepa, anacheka na mama tena. Ila amepata kibarua Morogoro na anataka kuacha dozi ghafla. Namwogopea sana: mwili ukishapumzika unga, akirudia kipimo cha zamani anaweza kufa.

Kuna aliyehamishiwa dozi mkoa mwingine? Alianzia wapi? Na kupunguza taratibu kulimchukua muda gani?