Qin na: kifundo cha mkono kinanigomea

Wakuu habari. Huu mwezi wangu wa nne wa kung fu, mwalimu ameanza kutufundisha qin na, sanaa ya Wachina ya kukamata na kufunga viungo. Nimekwama kwenye xiao chan, mbinu ya kufunga kifundo cha mkono. Mwenzangu akinishika kifundo, nabana mkono wake kwa mkono wangu wa pili, nazungusha kiganja juu, nakandamiza. Mwalimu akifanya, mtu anapiga magoti. Mimi jamaa ananiangalia tu. Nakosea wapi?

Jibu: Kiwiko cha mwenzako, mkuu. Akikinyoosha, nguvu yako yote inapotelea begani kwake. Hakikisha kimekunja, kisha shuka na uzito wa mwili, usikamue misuli.

Jibu: Ukingo wa kiganja, upande wa kidole kidogo, ukae juu ya kifundo chake. Na mkono unaobana usiachie hata kidogo! Ila taratibu jamani. Mwenzako akipiga paja kuomba umwachie, achia hapohapo. Mimi nilichelewa kupiga, wiki tatu sikuweza kukamua nguo.

Muulizaji: Nimejaribu jioni hii. Kiwiko kimekunja, nikashuka kidogo tu, goti lake likagusa mkeka. Asanteni sana.