Mrejesho: bumu iliyokuwa inacheza kwenye mlingoti

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu boti yangu ya tanga, ya faiba, ya miaka ya 1970: kile kipande kinachoshika bumu (ile boriti ya ulalo ya chini ya tanga) kwenye mlingoti kilikuwa kinacheza, na kila tukigeuza tanga kinagonga.

Aliyesema tusikaze tu bali tukifungue, Mungu ambariki. Nyuma yake tulikuta unga mweupe umejaa, na matundu ya riveti yamepanuka yakawa kama yai. Riveti zilikuwa za stenlesi, mlingoti ni alumini, na hazikuwekewa kitu katikati. Hizo metali mbili zikigusana kwenye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini.

Fundi alikishusha kipande kidogo hadi penye alumini nzima, akatoboa upya. Bumu bado inapita juu ya paa la kibanda bila shida. Chini ya kipande tuliweka shiti nyembamba ya plastiki, riveti tukatumia za moneli (mchanganyiko wa nikeli na shaba), kila moja ikapakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu kabla ya kuingia. Pini ya katikati, ile bumu inayozungukia, nayo ilikuwa imelika upande mmoja. Tukaweka mpya na washa za nailoni juu na chini. Msisahau pini ndogo ya kuifungia, ncha zake zikunjwe na zizungushiwe tepu, maana zinachana tanga vibaya sana.

Tumeijaribu Msasani kwenye kusi kali. Kimya kabisa, na henza (kamba ya kupandishia tanga) ikivutwa, tanga linakaza vizuri mbele. Asanteni sana.