Wenye nyumba wa Nairobi, acheni kupaka jikoni na bafuni rangi ya sebuleni kisha mtukate amana

Wapangaji wenzangu, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimehama nyumba ya chumba kimoja cha kulala huko Kasarani, na mwenye nyumba amekata karibu nusu ya amana yangu akidai kwamba nimeharibu rangi ya jikoni na bafuni. Sebuleni hakukuwa na doa, wala chumbani. Palipoharibika ni pale tu panapofikiwa na mvuke na mafuta, na pamepakwa rangi ileile ya maji isiyong'aa ambayo nimewaona mafundi wakiichota kwenye ndoo ya lita 20 na kuimaliza kwenye kila ukuta wa kila nyumba iliyoachwa wazi katika ploti ile.

Rangi isiyong'aa, ile ambayo mafundi huiita mati, ina unga mwingi wa chaki na gundi kidogo. Ndiyo maana haing'ai, na ndiyo maana uso wake una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hunywa maji na mafuta. Chumbani haina neno, kwa sababu hakuna anayekaanga samaki kitandani. Jikoni, kila tone la mafuta linaloruka kutoka kwenye sufuria huzama ndani ya ukuta badala ya kukaa juu yake likisubiri kufutwa. Nyuma ya meko yangu ya gesi nilisugua kwa sponji laini yenye maji ya sabuni, bila nguvu yoyote, na sponji ikatoka na rangi ya krimu huku ukutani pakibaki baka la kijivu la lipu na doa la mafuta likiwa palepale. Mpangaji anayeosha ukuta anaonekana mharibifu, na asiyeosha anaonekana mchafu, na wote wawili hukatwa amana.

Rangi yenye mng'ao kiasi, yaani silki, satini au nusu glosi, ina gundi ya kutosha kufunga uso wake, kwa hiyo doa hubaki juu na kitambaa hulitoa. Tofauti hii hupimwa na wala si maoni yangu. Katika kipimo cha Ulaya cha EN 13300, rangi ya daraja la kwanza hupoteza unene wa chini ya mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ikisuguliwa mara 200 ikiwa na maji, ilhali ya daraja la tatu huweza kupoteza hadi mikroni 70. Zipo rangi zisizong'aa za kisasa zinazofikia daraja la juu, lakini hizo ni ghali, na asiyekubali kununua kopo dogo la silki hatanunua hizo.

Bafuni mambo ni mabaya zaidi. Wengi wetu tunaoga kwa shawa ya umeme katika kijichumba ambacho dirisha lake dogo linatazama uwazi wa katikati ya jengo, mahali ambapo upepo haufiki. Ifikapo Julai, kuta huwa baridi, mvuke hugeuka matone ya maji juu yake, na dari iliyopakwa mati hukaa na unyevu kutwa nzima hadi vidoa vyeusi vya kuvu vianze kujitokeza pembeni. Kila mpangaji anapohama, msimamizi wa ploti huagiza dari ipakwe tena juu ya kuvu ilivyo, haijaoshwa kwa jiki wala kuachwa ikauke, na kuvu hurudi kumdhulumu mpangaji anayefuata. Hata rangi yenye dawa ya kuvu haiwezi kuchukua nafasi ya dirisha, na sidhani mpangaji ndiye aliyechora ramani ya jengo.

Kinachoniudhi kupita yote ni udogo wa gharama yenyewe. Chukua bafu la mita 1.5 kwa 2 lenye vigae hadi mita moja kabla ya dari: zinabaki takriban mita 7 za mraba za ukuta na 3 za dari. Lita moja hufunika mita 10 hadi 12 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ikipakwa mara moja, kwa hiyo mikono miwili haizidi lita mbili. Kopo la lita 4 la silki linatosha bafu hilo na sehemu kubwa ya jiko dogo, na kwa hilo mtu anakatwa maelfu ya shilingi.

Najua pia jibu la mafundi, kwamba rangi inayong'aa huonyesha kila kasoro ya lipu. Ni kweli, na dawa yake ni kuziba mashimo na kupiga msasa, kazi ambayo mwenye nyumba hataki kuilipia. Wengine hukimbilia glosi ya mafuta juu ya lipu mbichi, ambayo chokaa ya saruji huigeuza kuwa kama sabuni hadi ibambuke vipande vipande, kisha husema rangi za kung'aa hazifai.

Sheria nayo haitusaidii. Sura ya 296 ya Sheria za Kenya inayodhibiti kodi za nyumba hulinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho karibu kila mpangaji wa jijini amekipita.

Kwa hiyo nadai mkataba utaje aina ya rangi iliyopakwa jikoni na bafuni, na mahali palipopakwa rangi isiyoosheka mpangaji asikatwe hata senti moja kwa madoa. Aliye na mkataba wenye kifungu cha namna hiyo, au aliyewahi kurudishiwa amana baada ya kubishania rangi, tafadhali aweke maneno yake hapa kama yalivyoandikwa.