Tupige slebu au tuezeke mabati? Naombeni ushauri, silali

Bint Kisauni
Asalam aleikum wanajamvi. Tunajenga Kisauni, mimi na mume wangu, pale pale ilipokuwa nyumba ya marehemu babamkwe. Ile ya zamani ilikuwa ya udongo na boriti. Mvua za mwaka jana ukuta wa upande wa kusi ukaanza kulala, tukabomoa. Sasa tumepandisha mawe ya kukata, inchi tisa, vyumba vitatu na ukumbi, na linta imeshafungwa. Mume wangu ni baharia, yuko melini mpaka mwezi wa nane, kwa hivyo ni mimi niliyesimama na mafundi.

Swali ni moja tu. Tumwage slebu, yaani dari la zege, ili baadaye tupandishe vyumba vya kupangisha, au tuezeke mabati tuhamie? Sote tumejibana kwa shemeji. Mamamkwe analala chumba kimoja na wanangu wawili. Hasemi kitu, lakini alfajiri anakunja mkeka wake kabla mtu hajaamka, kama mgeni aliyeomba hifadhi usiku mmoja. Vyuma viko dukani, nimelipa nusu. Fundi anataka jibu.

Kijana wa Likoni
Slebu. Nyumba ya mabati Mombasa mwezi wa pili ni sufuria lenye kifuniko, na wewe ndiwe wali.

Fundi Mzee
Binti, msingi ulishuka futi ngapi? Chini mlikuta mwamba au mchanga? Na mchanga wa kujengea mnautoa wapi? Usiniambie ni wa ufuoni. Chumvi ikiingia kwenye zege inakula chuma polepole, kutu inavimba, halafu dari linapasuka na kuanguka vipande vipande. Maji ya kisima cha chumvi nayo ni yale yale. Nimebomoa dari za watu kwa ajili hiyo, na kila mmoja aliniambia mchanga ule aliupata bei nzuri.

Mwana wa Mji
Fundi kanikumbusha ami yangu wa Changamwe. Alijenga kwa mchanga wa pwani, akajisifu harusi nzima jinsi alivyookoa pesa. Miaka haikuwa mingi, kipande cha dari kikaangukia meza ya kulia, mchana, watu wako msikitini. Ile meza ilikuwa ya mvule, ya nyanya yetu. Mpaka leo ndugu hawakumsamehe, na si kwa sababu ya dari.

Bi Mkubwa
Nyinyi mnahesabu vyuma, mimi nimeuona mkeka. Mama wa mtu anakunja mkeka alfajiri na wewe unawaza vyumba vya wapangaji? Ezeka mabati, mwingize mama yule ndani, mengine yatajileta. Vijana wa siku hizi mwataka ghorofa kabla ya dua.

Wakili wa Baraza
(Jina tu, mimi si wakili.) Umesema nyumba ya marehemu babamkwe. Ardhi hujaisema. Kiwanja ni cha nani?

Bint Kisauni
Msingi futi nne, chini mwamba. Mchanga ni wa mto, nina risiti za lori. Bi Mkubwa, mama huyo nampenda kama wangu, usinisomee mkeka. Mambo ya ardhi yapo sawa, tuna makaratasi. Nilichouliza ni slebu.

Wakili wa Baraza
Makaratasi gani? Hati?

Kijana wa Likoni
Kimya cha saa nne. Hapo pana kitu.

Bint Kisauni
Haya. Ni nyumba bila ardhi, kama nusu ya watu wa huku. Tunalipa kodi ya kiwanja, shilingi mia sita kwa mwezi, msimamizi wa mwenye ardhi anapita kila tarehe tano. Mkataba ni karatasi moja iliyopigwa taipu, ya 1991, na chini pana dole gumba la babamkwe, wino wa zambarau umesambaa kidogo pembeni. Imeandikwa mpangaji ajenge nyumba ya makuti au mabati, isiwe ya kudumu, wala asijenge juu.

Lakini nawauliza, jirani wa nyuma ana ghorofa moja, na wa kona ana mbili! Wote kiwanja cha mwenye huyo huyo. Karatasi ya 1991 ndiyo inifunge mimi peke yangu? Mwaka huo mimi hata chuo sijaanza. Na mume wangu alisema nikiona fundi ni mzuri niendelee.

Wakili wa Baraza
Kwa hivyo tangu mwanzo swali halikuwa la paa. Kisheria wewe una kuta, chini ya kuta ni kwa mtu. Akikupa notisi kwa utaratibu, utabeba mabati, boriti na milango. Slebu haibebeki. Ndiyo maana wakaandika vile.

Nahodha
Msimtishe. Sheria inasema ukikaa miaka 12 kwenye ardhi inakuwa yako. Wao wapo tangu 1991.

Wakili wa Baraza
Nahodha, hiyo ni kwa aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe, waziwazi, mfululizo. Anayelipa kodi yuko kwa ruhusa. Kila risiti ya tarehe tano inasema ardhi si yake.

Mwana wa Mji
Haya yote yametoka 1908, Mwingereza alipoleta sheria ya kuandikisha ardhi za pwani. Waliojua wakaenda kudai wakapata hati, wasiojua zao zikahesabiwa za serikali. Wajukuu sasa wanalipa kodi mahali walipozikwa mababu zao. Likoni, watu waliokaa kwenye shamba la tajiri aitwaye Waitiki mpaka 2016 ndipo serikali ikawapa hati, baada ya kuinunua ardhi kwa mwenyewe. Babu yangu alikuwa akisema...

Kijana wa Likoni
Mwana wa Mji, babu yako atatumalizia bando. Ila Fort Jesus ipo tangu 1593, na sijasikia Mreno kudaiwa kodi ya kiwanja.

Bint Kisauni
Mnacheka, mimi tumbo linanikata. Nyote mnanitajia ubaya tu, hakuna anayesema kazi ni nzuri. Na kazi ni nzuri wallahi. Mvua ya juzi imepiga usiku kucha, asubuhi nikaingia chini na tochi nikamulika kila pembe, hata tone moja halijapita.

Jicho Kavu
Nimekuwa nikisoma kimya. Halijapita wapi? Vyuma si viko dukani, umelipa nusu? Paa si ndilo ulilokuja kuulizia? Jamani, tumepigwa hadithi. Baharia yuko mbali, mamamkwe na mkeka, dole la zambarau, vyote vimepangwa kama tamthilia ya Ramadhani. Wiki ijayo mtaletewa namba ya kuchangia simiti.

Bi Mkubwa
Na mimi nilishalia kwa ajili ya ule mkeka!

Nahodha
Dada, jibu. Tumekutetea hapa.

Bint Kisauni
Sitaki mchango wa mtu. Slebu ilimwagwa Jumamosi. Niliogopa kuandika. Fundi alikuwa na mashine ya kukoroga ya kukodi, siku moja tu, akasema ikiondoka hairudi mwezi huu. Nikamaliza deni la vyuma kwa pesa ya ada ya muhula. Mume wangu hajui. Msimamizi naye hajui, anakuja Jumatano. Nilidhani mkisema slebu ni bora, na mimi nitajisikia niliuliza kabla.

Jicho Kavu
Hii sasa naiamini. Mwongo angejisingizia kitu kizuri zaidi.

Wakili wa Baraza
Jumatano usijifungie ndani. Mpe kiti, mpe kodi, dai risiti. Akileta karatasi ya kutia sahihi, mwambie mwenye nyumba yuko safarini. Halafu nenda kwa wakili wa kweli na ule mkataba, muulize kama mwenye ardhi anaweza kukuuzieni kipande hicho. Kuna wanaokubali. Na mpigie mumeo leo, asije kuambiwa na jirani wa kona.

Bint Kisauni
Meli yao haina mtandao mpaka bandari ijayo.

Bi Mkubwa
Wewe nawe, meli zimekuwa na simu tangu mimi msichana.

Fundi Mzee
Hayo mtamaliza wenyewe. Mimi nataka kujua, tangu Jumamosi unaimwagia maji? Mvua ya usiku mmoja haitoshi, jua hili litaipasua. Asubuhi, adhuhuri na jioni, siku saba zisipungue, na kumi na nne ni bora. Tandaza magunia juu yake yashike unyevu. Ile miti ya chini isiguswe wiki tatu, hata fundi wako akija kusema anaihitaji kwa mtu mwingine. Na atakuja.

Bint Kisauni
Amekuja leo asubuhi. Nimemkatalia. Magunia yoyote yanafaa, hata haya ya plastiki ya mchele?

Fundi Mzee
Ya plastiki hayanywi maji. Tafuta ya mkonge, Kongowea utayapata. Wahi kabla ya saa tatu.